Raketi ya Kaboni ya Sista Kiden

Keki waliyonikatia jikoni iliandikwa "Staafu kwa amani", na kila aliyepita akauliza ni mzee gani anayeondoka. Nina miaka thelathini na moja. Lakini nimesuka nyuzi za raketi hapa Juba tangu nilipokuwa msichana wa kuhesabu taulo, na mtu akiacha kazi aliyoipenda, bila kufukuzwa na bila kugombana na yeyote, mimi nasema amestaafu. Atakayebisha aje Kitale tubishane. Huko ndiko ninakorudi. Baba ana kona ya shamba isiyozaa kitu, nami nataka kuisawazisha, niishindilie udongo, niweke wavu katikati. Majirani wanadhani napanda vitunguu. Nimewaacha wadhani.

Nawaandikia ninyi wawili, Achol na Moses, mnaobaki na mashine. Mlisema nikiondoka nitaondoka na kichwa changu, basi hiki hapa, kiasi kinachoingia kwenye karatasi. Shule niliiachia kidato cha pili, kwa hiyo msitafute Kiswahili cha kusomea taarifa ya habari.

Nilikuja Juba kumfuata shangazi yangu aliyekuwa mpishi wa hoteli hii. Tulikaa mtaa wa Hai Malakal, chumba kimoja, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kugawa taulo kwenye bwawa la kuogelea. Nyuma ya bwawa kulikuwa na uwanja wa tenisi, na kando ya uwanja kibanda cha mabati, na ndani ya kibanda Mzee Taban. Yeye alikuwa amekulia Uganda, ukimbizini, akajifunza kusuka raketi huko Kampala kwenye klabu moja. Kiswahili chake kilikuwa cha kule, hakijali ngeli hata kidogo, na mpaka leo nikisikia mtu akisema sarufi safi sana namwona kama hajui kusuka.

Siku ya kwanza niliingia kibandani kwa sababu ya sauti. Alikuwa ameinamisha sikio juu ya raketi akiigonga kwa ukucha, uzi mmoja baada ya mwingine, tin, tin, tin, kama mtu anayepima chungu sokoni. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akasema anasikiliza nani amelala. Nilicheka, akanipa raketi nami nigonge. Kweli, uzi mmoja ulikuwa umelala. Akaniambia nikae. Taulo za siku ile zilijigawa zenyewe.

Alinifundisha kwa mashine ile ya mkono yenye jiwe la chuma linaloning'inia. Unabana uzi, unaachia jiwe lishuke polepole, na mkono wa mashine ukilala sawa na sakafu, basi uzi umevutika vya kutosha. Mwanzoni nilikuwa nalisukuma jiwe, nimalize upesi. Mzee Taban hakuwa mtu wa kugombeza, alikuwa anasikitika tu, na hiyo ni mbaya zaidi.

"Binti," alisema, "hii kamba iko na kichwa yake. Wewe hapana sukuma. Ngoja yeye akubali."

Basi nawaambia na ninyi: ngojeni akubali. Shikeni pia haya machache. Raketi iliyolala kwenye buti la gari juani, nyuzi zake zimekwisha, hata kama zimesukwa jana. Joto la Juba linazilegeza. Mteja atakuja analia kwamba mpira unaruka mpaka mtoni, na atalaumu fremu. Mwulizeni kwanza aliegesha wapi. Na ile mashine ya umeme waliyotuletea, nzuri sana, inang'aa, msiitumie saa ya kubadilisha jenereta. Hoteli ikitoka jenereta kubwa kwenda ndogo, mashine inazimika na kuwaka, nayo ikiwaka haikumbuki ilikuwa inavuta kiasi gani. Nimewahi kutoa raketi iliyokaza upande mmoja na kulegea upande mwingine. Mwenyewe akasema hajawahi kupata raketi nzuri kama ile, akaomba nyingine vilevile. Nimejaribu mara nyingi kukosea vile tena, nimeshindwa.

Mtaulizwa kila wiki swali moja, kwa hiyo jiandaeni: hizi raketi mpya, za kaboni na majina marefu, kweli zinamfanya mtu acheze vizuri, au ni biashara tu? Mimi nimezishika zote. Za mbao ambazo Mzee Taban alizitundika ukutani kama picha za ukoo, za alumini zinazolia kama sufuria, na za kaboni, nyepesi mpaka unahisi umesahau kitu nyumbani. Nyepesi na ngumu, mpira unatoka kwa kasi, huo ni ukweli, hakuna haja ya kubisha. Bwana Mutiso wa benki alikuwa akirudi likizo kutoka Nairobi na raketi mpya kila mara, na kila mara alikuwa anacheza vizuri zaidi kwa muda. Watu walimcheka. Mimi sikumcheka. Mtu mwenye raketi mpya anaamka mapema kuja uwanjani, na anayeamka mapema kuja uwanjani anaboreka, hata ukimpa mwiko.

Lakini jibu langu kamili nililipata kwa Sista Kiden.

Sista Kiden ni mkunga. Mumewe, Bwana Lado, anashughulikia malori ya mizigo mpakani Nimule. Anakaa huko wiki nzima na kurudi Ijumaa, akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Walikutana Kampala wakiwa vijana, kwenye uwanja wa shule moja ya kanisa, ambapo wakimbizi waliruhusiwa kucheza watoto wa shule wakishakwenda zao. Walikuwa na raketi moja ya mbao kwa wote wawili. Huyu akipiga, anatupa raketi kwa mwenzake, na mwenzake anakimbiza mpira. Bwana Lado anasema ndivyo alivyoamua kumwoa, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa anamtupia kitu vizuri vile. Wakarudi Juba, wakapata watoto, wa kwanza Poni, na ikawa Jumamosi asubuhi ni yao. Wanakuja hapa, wanacheza wao kwa wao, wanataniana kwa Kibari na Kiarabu cha Juba, wanakunywa soda, wanaondoka. Poni aliniambia siku moja kwamba nyumbani baba na mama huzungumza habari za karo na maji tu. Mazungumzo mengine yote yako uwanjani.

Mwaka mmoja Bwana Lado alimletea mkewe raketi ya kaboni. Iliagizwa mbali, ikapita mikono mingi, yeye mwenyewe akaipokea mpakani na kuibeba mapajani safari nzima kama mtoto mchanga. Alituletea tuisuke kwanza. Alitaka nyuzi zile ngumu za poliesta, na zikazwe kabisa, kwa sababu kitu cha thamani hakilegezwi. Mzee Taban alinong'ona kitu, lakini ni mume na zawadi yake, tukakaza.

Sista Kiden alipiga mipira ambayo hajawahi kuipiga maishani. Bwana Lado alikuwa akifungwa na huku anashangilia. "Mnaona?" alikuwa anatuambia kupitia wavu wa uzio. "Mnaona kaboni?"

Kabla mvua hazijaanza kushika, Sista Kiden alikuja kibandani peke yake, siku ya katikati ya wiki, akiwa na sare ya kazi. Aliketi kwenye ndoo, akanyoosha mkono wa kulia na kunionyesha kiwiko. Alisema maumivu yalianza kidogo kidogo, sasa hawezi kuinua birika. Mtaalamu wa viungo pale hospitalini amemwambia apumzishe mkono mvua zote, halafu ajaribu mara moja. Ukiuma tena, aachane na tenisi moja kwa moja, kwa sababu mkono ule una kazi nyingine, kuna watoto wanausubiri ili wazaliwe.

Nikamwambia amweleze Bwana Lado. Akatikisa kichwa.

"Nafula, huyu mtu alibeba hiyo raketi mapajani kutoka Nimule," akasema. "Nimwambie imenivunja mkono? Mwambie nina zamu za Jumamosi."

Basi mimi, ambaye siwezi kuficha hata siku ya kuzaliwa ya mtu, nikawa mlinzi wa siri. Jumamosi Bwana Lado alikuja na soda mbili, akaambiwa kuna zamu. Jumamosi nyingine vilevile. Akawa anakaa kwenye benchi akiangalia uwanja mtupu, mvua ikinyesha. Mwishowe aliniita, akaniuliza polepole nimwambie ukweli, je, Mama Poni hapendi ile raketi? Kwa sababu angeweza kumtafutia rangi nyingine. Rangi, jamani! Nilikwenda nyuma ya kibanda nikajipangusa macho kwa kitambaa cha kusafishia mashine, nikatoka na grisi usoni.

Mzee Taban ndiye aliyesema dawa. Alisema poliesta ni ngumu, kaboni ngumu, zimekutana, na kati yao hakuna mwenye huruma isipokuwa kiwiko. Kuna nyuzi za zamani, laini kuliko zote, ambazo mpaka leo wachezaji wakubwa wanazitafuta: zinatengenezwa kwa utumbo wa ng'ombe. Nilidhani ananitania. Kumbe kweli. Mwanadamu amechemsha kaboni na kemikali zote hizi, lakini kwa mkono unaouma bado anarudi kwa ng'ombe.

Sasa fikirini tuko wapi. Hapa Juba ng'ombe wenye pembe kama matao wanapita barabarani na magari yanawasubiri. Mimi nikaona, tunahangaika kuagiza kitu gani? Niliwahi sokoni asubuhi, nikanunua utumbo kwa mchinjaji, aliyetaka kujua napika kwa ajili ya harusi ya nani. Nikamwambia ni wa tenisi. Akamwita mwenzake aje anisikie nikirudia. Kisha akaniuliza, nikicheza na watu wanaotoa mahari ya ng'ombe, nikifungwa ninalipa nini.

Tulisafisha, tukachuna ile ngozi nyembamba ya juu, tukasokota, Mzee Taban akiimba, tukaifunga kwa vibanio kwenye kamba ya kuanikia nguo, nyuma ya chumba cha dobi. Ilipendeza. Nilikuwa nimeshaona kiwanda changu, na bango lake, na mimi nikikaribishwa mahali fulani kutoa hotuba. Tulikwenda kunywa chai. Mwewe wa Juba hawanywi chai. Tuliporudi mmoja alikuwa amekwisha kubeba uzi mrefu kuliko wote, pamoja na kibanio na soksi ya mgeni wa chumba cha juu, na mwenzake anamkimbiza kutaka gawio. Waliupigania juu ya bwawa. Kilichoanguka bwawani kiliangukia karibu na mama mmoja aliyekuwa anaelea amefumba macho.

Meneja alituita. Hakupaza sauti. Alisema anaelewa hoteli nyingine zina muziki kando ya bwawa, nyingine zina nyama choma, lakini angependa sisi tusiwe wa kwanza kuwa na matumbo. Mzee Taban akaomba radhi, na akauliza kama soksi imepatikana.

Nyuzi za kweli zililetwa na mwalimu mmoja Mkenya, ndani ya viatu vyake kwenye sanduku ili zisipondeke. Zilikuwa kwenye pakiti ndogo, zina rangi ya asali. Nilizisuka mwenyewe kwenye raketi ya Sista Kiden, aliyokuwa ameiacha kwetu, Mzee Taban amekaa tu na kuangalia, na sikulegeza wala kukaza kama nilivyotaka mimi; niliachia jiwe, nikangoja. Nilipoigonga kwa ukucha haikusema tin. Ilisema dum, kama mtu anayeitikia hodi akiwa chumba cha ndani.

Mvua zilikuwa zinaisha. Sista Kiden alikuwa na siku yake moja ya kujaribu, na sikutaka iharibike. Nikamwambia Mzee Taban twende uwanjani tuipige sisi kwanza. Tulipiga kwa muda mrefu kidogo, jua limeshapanda, na ingawa mpira ulitoka mwororo kabisa, nilishangaa mkono wangu umechoka. Si kiwiko, kiganja na hapa juu ya kifundo. Nikatazama mkono wangu nikaona nimekaba mpini kama anayening'inia kwenye tawi. Nikaulegeza, raketi ikateleza, ikaenda zake mpaka wavuni.

Mpini ulikuwa bado una nailoni.

Ile nailoni ya dukani, inayong'aa. Nilikuwa nimeiona tangu siku ya kwanza, na sikuwa nimeiona, kwa sababu hapa nani anatoa nailoni? Redio ya Mzee Taban inayo. Viti vya sebule ya shangazi vilikuwa nayo mpaka ikageuka njano. Boda mpya inatembea na karatasi zake mpaka zichanike zenyewe. Vumbi letu linakula kila kitu, na kitu ulichopewa na mtu anayekupenda unakitunza kama ulivyopewa. Sista Kiden aliutunza mpini ule. Kila Jumamosi, jasho na nailoni, alikuwa akiukaba kwa nguvu zake zote ili zawadi isimponyoke, na nyuzi ngumu zikampiga mkono uliokazwa tayari.

Mzee Taban aliokota raketi, akapapasa mpini, akaketi chini palepale uwanjani.

"Kaboni yote hii," alisema, "na mutu iko nashika plastiki."

Nikaenda mbio na boda mpaka hospitalini, nikamngoja Sista Kiden amalize zamu. Nikamweleza. Alicheka kwanza, halafu akasema hataitoa. Bwana Lado akija akaukuta mpini umechunwa, atasema mkewe ndiye hajali: kwanza haji kucheza, sasa anachakaza. Nikasema, basi aitoe yeye. Mwambie kila kitu, kiwiko na zamu za uongo, na umpe aitoe kwa mkono wake. Akaniuliza nimeolewa lini. Nikasema bado. Akasema, ndiyo maana unaona ni rahisi.

Lakini Jumamosi walikuja wote wawili. Sijui walizungumza nini nyumbani, au njiani. Niliona tu kwamba Bwana Lado amebeba mfuko wa mkewe, na macho yake mekundu kidogo, na soda hakununua. Aliingia kibandani akataka kuonyeshwa hizo nyuzi. Nikamweleza zimetengenezwa kwa utumbo wa ng'ombe. Akazigusa kwa kidole kimoja.

"Mama Poni," akasema, "ng'ombe niliompa baba yako hawakutosha? Unataka na wa kupigia mpira?"

"Wale walikuwa wamekonda," Sista Kiden akajibu. "Baba anawasema mpaka leo."

Hapo nikajua tumepona, bado kiwiko tu.

Walisimama pale mlangoni. Sista Kiden alimnyooshea raketi, mpini mbele. Bwana Lado alitafuta ncha ya nailoni kwa ukucha, akaipata, akaanza kuivuta polepole, akizungusha, kama anayemfungua mtu bandeji. Haikuchanika. Alipomaliza aliikunja ikawa kama yai, hakuona pa kuitupa, au hakutaka, akaitia mfukoni mwa kaptula. Sista Kiden akaushika mpini. Akaushika tena. Vidole vyake vikalegea kimoja kimoja.

"Kumbe ni laini," akasema. "Muda wote huo nilikuwa nashika yako. Hii ndiyo yangu."

Wakaingia uwanjani. Mzee Taban na mimi tulisimama kwenye uzio, na mimi nilikuwa nimekamata waya mpaka alama zikabaki viganjani. Mpira wa kwanza aliupiga kwa woga, ukafa wavuni. Wa pili ukavuka. Bwana Lado alikuwa anamrudishia mipira ya kumbembeleza, ya kitoto, mpaka akaambiwa kwa Kiarabu, kalas, basi, cheza kama mwanamume. Akacheza. Sista Kiden akanyoosha mkono, akapiga, na nilikuwa natazama uso wake na si mpira. Haukukunjamana. Akapiga tena, na tena, kiwiko kikienda na kurudi kama hakijawahi kusikia habari za hospitali.

Mkinisoma hapa mtataka jibu: basi raketi mpya inasaidia au haisaidii? Ile raketi ilimsaidia, nawaapia, mpira wake ulikuwa mrefu na mwepesi kuliko enzi zote za mbao. Lakini kwanza ilibidi mtu apapase mpini. Akija mteja na kitu kipya, msianze na mashine. Mwambieni akishike mbele yenu, mtazame vidole.

Walicheza mpaka jua likawa kali na wageni wa bwawa wakahamia kivulini. Bwana Lado alikuwa amechoka, akikimbia kona hadi kona, na kila alipokimbia ile nailoni ilikuwa inalia mfukoni, krish, krish, krish, mpaka sisi wa kwenye uzio tulikuwa tunaisikia. Sista Kiden naye akaisikia. Aliinua raketi, mpira unamjia taratibu, rahisi kuliko yote ya asubuhi ile, mume anarudi katikati, krish, krish, na yeye akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, mpira ukampita pembeni. Ndio mpira wa kwanza niliomwona akiukosa siku ile, na hakushika kiwiko. Alishika mbavu.